Mto Mkavu

Mzee Shekidele alikuwa amemaliza kuujenga mji wao juu ya meza ya sebuleni: stesheni ya maboksi, miti ya dodoki, nyasi za vumbi la mbao alilolitia rangi ya kijani. Mkewe aliinama kutazama chini ya daraja.

"Baba Salha, mto mbona hujautia maji? Gundi ya kufanyia maji imekwisha?"

"Ipo." Alipangusa reli kwa kidole. "Hapa mvua haikunyesha."

Mafuriko yaliyobomoa daraja ndiyo yaliyomchukua Salha, akiwa ndani ya treni, anarudi nyumbani.

Mkewe mwenyewe akaishika treni ndogo iliyokuwa relini, akaivusha darajani taratibu mpaka stesheni. Wakasimama wote wawili, wakiutazama mlango wa behewa, mlango wa kuchora usiofunguka.