Vitamini za Phelista

Phelista alikitema kidonge kwenye shimo la choo, akajipangusa midomo kwa mkono wa sweta, akarudi ndani.

"Umemeza?" mama yake akauliza kutoka kitandani.

"Nimemeza."

Mwezi wa pili sasa alikuwa akidanganya hivyo, asubuhi na jioni, na uongo ulishazoea kutoka bila kukwama.

Usimhukumu upesi. Ana miaka kumi na sita, yuko Form Three shule ya kutwa hapo Misikhu, mikono imekuwa myembamba kama ya mtoto na tumbo limechomoza mbele. Wavulana darasani walimpa jina Mzazi. Mwalimu akiita majina na kufika kwake, sauti ya nyuma ilijibu, "Mzazi yuko," na darasa zima likacheka. Wasichana ndio waliomuuma zaidi, kwa sababu walimvuta kando wakamuuliza kwa upole mimba ni ya nani. Hakuwahi hata kushikwa mkono na mvulana. Lakini nani angeamini, na tumbo lile?

Chanzo alikijua mwenyewe. Vitamini. Mama alianza kumpa mwaka jana, ati damu yake ni kidogo, na tumbo likaanza baada ya hapo. Basi Januari, mama aliposhindwa kusimama mlangoni kumtazama akimeza, Phelista aliacha. Na kweli, sketi ikaanza kulegea. Alifurahi, kisha akaona haya, maana mama naye alikuwa akikonda, na mama hakuwa ameomba kukonda.

Nabwile, mama yake, alikuwa na ule ugonjwa. Majirani hawakuutaja, walisema tu ana mdudu, wakaacha kumuazima sufuria. Dawa ilipatikana Kitale, kliniki ya masista. Webuye na Bungoma hakuthubutu kwenda, huko kila mtu ni jamaa ya mtu. Kila miezi miwili walisafiri wote wawili. Mama aliingia kuongea na Sista Edah, mlango ukafungwa. Phelista naye akapandishwa kwenye mizani. "Si umekuja, hata wewe panda," Sista Edah alisema kila mara. Kisha walirudi nyumbani na mfuko, na mama akazipanga chupa juu ya kabati, karatasi za majina ya dawa zimebanduliwa zote: hii yangu, hii ya vitamini zako.

Jambo moja lilimtesa Phelista. Watu wengine walianza dawa hizo wakiwa wamebebwa, na sasa wanalima. Mama yake alimeza kila jioni, yeye mwenyewe akimletea maji, na bado alikuwa anaisha.

Wiki ya mtihani wa Machi, chupa zikabaki tupu.

"Utaenda wewe," mama akasema. Alimpa bahasha aliyoifunga kwa gundi. "Kadi iko ndani. Peana kwa Sista Edah, yeye mwenyewe. Usiulize maswali, chukua urudi."

"Kesho ni hesabu, mama. Mwalimu Mukhwana alisema nikikosa pepa moja tena, narudia Form Three."

Nabwile alifumba macho. 

"Utarudia," mama akasema. "Kurudia darasa hakuui mtu."

Phelista alikaa kwenye kiti cha mlangoni na kulia bila sauti. Akienda, atabaki darasa moja na watoto waliomfuata, na hao nao watajifunza lile jina. Asipoenda, mama atakufa, na kosa litakuwa lake. Alimchukia mama kwa kuugua. Akajichukia kwa kumchukia. Asubuhi alivaa viatu akaenda.

Huko Kitale, kliniki ilikuwa mbele kidogo ya mtaa wa Kipsongo, na foleni ilishafika kwenye geti. Zamu yake ilipofika, aliyeketi ndani alikuwa nesi kijana, beji yake imeandikwa Jerono.

"Namtafuta Sista Edah."

"Alihamishwa. Leta bahasha." Jerono aliifungua, akatoa faili moja kabatini. "Panda kwa mizani."

"Nimekuja tu kuchukua dawa ya mama."

"Panda, msichana, watu wanangoja."

Alipanda. Kilo arobaini na moja. Mara ya mwisho zilikuwa arobaini na nane. Moyo wake ulicheka, Mungu amsamehe, hapo hapo juu ya mizani.

Jerono hakucheka. Aliangalia faili, akaangalia mizani, akaangalia faili tena.

"Unameza?"

"Vitamini?" Phelista aliinamisha kichwa. "Niliacha Januari. Zilikuwa zinaniletea tumbo, na shuleni wananicheka. Lakini mama anameza zake, sista, kila siku. Mimi ndiye namshikia kikombe. Na bado anaisha. Pengine ile yake haina nguvu. Mpee ingine. Tafadhali."

Jerono alirudi ukurasa wa kwanza wa faili.

"Mama yako ndiye Nabwile?"

"Ndiyo."

"Huyo hana dawa hapa. Hajawahi kupewa, ila vitamini tu."

"Haiwezekani. Tumekuja naye mwaka mzima."

Nesi aliligeuza faili juu ya meza mpaka likamtazama Phelista. Jina lililoandikwa juu lilikuwa lake mwenyewe.

"Nafasi ya dawa ilikuwa moja kwa kila nyumba," Jerono akasema polepole, akimwonyesha alama ya dole gumba chini ya ukurasa. "Mama yako aliweka kidole hapa, apewe mtoto."