Vinyamazishaji

Mama alikuwa hajabandua plasta mkononi, ingawa damu ilitolewa juzi. Alijitolea kwenye utafiti wa bintiye kuhusu ugonjwa wa moyo, katika kundi la wenye mioyo mizima, na tangu hapo majirani hawakupumua kwa majigambo yake.

"Hebu niambie tena vile vidude vyako," alisema, akimenya vitunguu jikoni.

"RNA ndogo, mama. Zenyewe hazijengi kitu mwilini. Kazi yao ni kunyamazisha jeni zinazozidisha kelele. Moyo ukielemewa, baadhi yao hujaa kwenye damu."

"Kumbe ni kama mimi, mlipokuwa wadogo."

Binti alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Asubuhi ile aliona majibu ya mama, akarudia kipimo kwa mkono wake mwenyewe. Zile RNA zilikuwa zimejaa.

"Mama, kuhusu ile damu yako..."

Mama aliweka kisu chini, akamgusa midomo kwa kidole chenye harufu ya kitunguu, kama alivyokuwa akimbembeleza zamani.

"Shh. Kitunguu namenya mimi, machozi yakutoke wewe? Tua kwanza huo mkoba, mwanangu, kisha uniambie yote."