Njahi za Agneta

Wakonyo alipiga magoti kando ya kaburi akiwa amevaa gauni lake la kanisani, akaanza kung'oa magugu kwa mikono. Kiondo alikuwa amekiweka mbali kidogo ili chakula kisiingie udongo.

"Muchiri, leo sikai," alimwambia mwanawe. "Agneta amejifungua. Naenda kumwona mtoto."

Akangoja, kama alivyozoea kungoja. Miaka minne ilikuwa imepita tangu trekta impindukie Muchiri katika shamba moja kule Kwanza.  Asubuhi hiyo alitaka kumwambia jambo jingine, akashindwa. Akalia, akajipangusa kwa leso, akainuka.

Kiondoni mlikuwa na njahi, maharagwe meusi ambayo kwao hupikiwa mwanamke aliyejifungua. Alikuwa ameziponda pamoja na ndizi, akaifunga sufuria kwa taulo zisipoe.

Simu ilikuwa imepigwa Jumatano, kwa mwenye duka jirani yake huko Matisi, karibu na Kitale.

"Mama, ni msichana," Agneta alisema. "Kuja. Tafadhali, kuja."

Kabla hajajibu, laini ikakatika. Wakonyo akabaki ameshika simu sikioni mpaka mwenye duka alipomwomba amrudishie.

Tangu Agneta aolewe, vyumba viwili vya Wakonyo vilikuwa vikubwa mno. Akienda sokoni aliacha redio ikiwaka, ili akirudi akute mtu anazungumza. Jumapili bado alipika chakula cha watu wawili, kisha akala kilekile mpaka Jumanne.

Lori la mahindi lilimshusha Kamukuywa saa tano. Mvua ikaanza papo hapo. Akakimbilia kibaraza cha duka moja, akasimama kando ya mwanamke aliyekuwa akiuza ndizi.

"Unaenda kwa nani, mama?"

"Kwa Wabwile. Yule karani wa Bungoma."

"Aa, kwa mtoto! Sasa wewe ni nani yao?"

Wakonyo aliitazama mvua. "Nawapelekea chakula tu," alisema.

Hapo kibarazani aliwaza sana. Alikumbuka siku Agneta alipoondoka, alivyoshikilia mlango akikataa kuingia garini.

"Nitakuacha na nani?" Agneta alikuwa amelia.

"Una miaka ishirini na minne," Wakonyo alimjibu. "Utakaa hapa unitazame nikizeeka? Wabwile ni mtu mzuri. Nenda."

Kisha yeye mwenyewe akafunga mlango kabla gari halijaondoka. Sasa alijiuliza kama alifanya vile kwa kumpenda, au kwa kuchoka kumsikia akilia usiku katika chumba cha pili, miezi na miezi baada ya mazishi.  Alijua tu kwamba boma la kina Wabwile lina mwenyewe, na mtoto ana nyanya wake pale pale. Mara mbili alikichukua kiondo avuke barabara, apate gari la kurudi Kitale. Mara mbili akakiweka chini.

"Mvua imeisha, mama," muuza ndizi alisema. "Hiyo chakula itapoa."

Akaenda.

Bomani alimkuta mwanamke wa rika lake akianua nguo za mtoto. Mwanamke huyo alimtazama kuanzia viatu vyenye matope hadi kitambaa cha kichwani. Wakonyo akasimama pale pale nje, asithubutu kukanyaga kizingiti.

"Mimi ni Phelista, mama ya Wabwile," mwanamke alisema. "Wewe ndiye wa Matisi?"

"Ndimi. Sitakaa. Nimeleta tu..."

"Utakaa." Phelista alikipokea kiondo, akamshika mkono, akamwingiza ndani na kumkalisha kwenye kiti chenye mto, kile ambacho kilionekana wazi kuwa ni chake mwenyewe.

Agneta alitoka chumbani polepole, uso umejaa kidogo, macho yaleyale.  Aliinama akamkumbatia Wakonyo. Kisha akanusa.

"Ni njahi?"

"Ni njahi."

Agneta akala akiwa amesimama, kwa mwiko, machozi yakimtiririka, huku Phelista akicheka na kumwambia ati hata kuku wake hajawahi kuliwa namna hiyo.

Baadaye Phelista alimleta mtoto, akamweka mikononi mwa Wakonyo. Alikuwa mwepesi, mwenye joto, ngumi amezikunja.

"Anaitwa nani?"

"Si unajua kwetu jina linatoka upande wa baba," Phelista alisema. "Nilikuwa na la mama yangu tayari. Lakini huyu Agneta akaniomba kitu moja tu tangu aolewe hapa. Nikaona ni sawa."

"Jina gani?"

"Wakonyo."

Wakonyo alidhani amesikia vibaya. Akamtazama Agneta, na Agneta akaitikia kwa kichwa. Ndipo kicheko kikamtoka, cha juu, cha kisichana, kicheko ambacho hakuwa amekisikia kwa miaka. Mtoto akashtuka, akapiga miayo, akalala tena. Wakonyo akacheka zaidi, akaliita jina lake mwenyewe mara tatu, polepole, kama analijaribu.

Jirani aliyekuwa amehamia hapo karibuni alichungulia mlangoni, akaja kusalimu.

"Kumbe ni huyu!" alisema kwa furaha. "Nilikuwa nashangaa hii jina ya Kikuyu imetoka wapi. Agneta, si ungesema mama yako ni Mkikuyu?"

"Mama yake alikufa Agneta akiwa bado mdogo," Phelista alimjibu, akimmiminia Wakonyo chai. "Huyu ni mama ya bwana yake wa kwanza, yule aliuawa na trekta. Ndiye alitupea Agneta."