Namba Isiyo na Kipimo

"Ongeza kasi," mkuu wa maabara aliagiza, akijitupa kwenye stuli. Kapanda ngazi za ghorofa moja tu, na anahema hivyo.

Wafanyakazi walimwita Mzee Sahihi. Faili la kazi hakuwahi kulisoma. Alifungua ukurasa wa mwisho, akatia sahihi, akaenda zake kunywa chai. Na mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa ukuu.

Fundi mitambo, mwanamke aliyeijenga kwa mikono yake vali ile kubwa ya majaribio, kilango cha kupitisha kimiminika upande mmoja tu, hakugusa swichi ya pampu. Ndani ya bomba la plastiki, pana kama ndoo, kimiminika kizito kilisogea taratibu. Kifuniko cha vali kilifunguka nusu, kikakwama.

"Nikiongeza kasi, jaribio limeharibika," alisema. "Vali halisi itakayotumika ni ndogo kuliko hii mara kumi. Tunachukua kasi, tunazidisha kwa upana, tunagawanya kwa mnato, yaani uzito wa kimiminika kutiririka. Mita na sekunde zinafutana, inabaki namba tupu. Namba hiyo lazima iwe sawa kwa vali zote mbili, la sivyo jaribio linadanganya. Ikiwa sawa, kama sasa, vali inakwama. Nipe siku tatu niirekebishe, mzee."

"Namba tupu kutoka kichwa kitupu," alisema Mzee Sahihi. "Mteja ametaja kasi anayotaka. Weka hiyo hiyo."

"Hiyo ni kasi ya ile ndogo."

"Binti, unanifundisha kazi?"

Akainuka, akazungusha kidhibiti cha kasi mwenyewe. Kimiminika kikaja kwa fujo, kifuniko kikafunguka wazi.

"Umeona? Inafanya kazi."

"Inasukumwa kwa nguvu tu. Mzee, hii ikikwama huko inakokwenda, mtu anakufa."

"Watu wanakufa kila siku," alijibu, akifuta jasho.

Basi akalifungua faili, ukurasa wa mwisho kama kawaida yake, akatia sahihi kwa mbwembwe. Cheti kikapigwa muhuri, kikatumwa kabla ya saa sita. Fundi alizima pampu, hasira zimemjaa. Miaka ishirini bwana huyu analipwa kwa ujinga, na hakuna wa kumwambia kitu.

Saa nane simu ya Mzee Sahihi iliita. Alikuwa daktari wake.

"Mzee, cheti cha vali yako kimefika, na nimefurahi kuona umeikagua mwenyewe. Alhamisi asubuhi tunakuwekea moyoni."