Picha na Oktavia

Oktavia aliandika tena, safari hii kwa herufi kubwa: HII PICHA NI YANGU, WEKENI JINA LANGU. Kisha akaibwaga simu mezani.

Idda, fundi cherehani aliyepanga naye chumba kimoja cha biashara pale Makambako, alicheka bila kuinua macho kwenye pindo. "Dada, bado tu?"

Bado, ndiyo. Ilikuwa picha ya shamba la parachichi kule Kifanya, ukungu umetanda katikati ya miti, jua ndiyo kwanza linachomoza. Aliipiga akiwa amesimama juu ya kiti cha bodaboda, nje ya ua wa watu, na hajapata nyingine ya kuifikia. Sasa ukurasa mmoja wa mtandaoni wa Njombe, Shamba Langu Kesho, umeibeba bila hodi na watu wanaimiminia sifa. Roho ilimuuma. Miaka yote hiyo ya picha za pasipoti na kipaimara, leo kazi yake inasifiwa nchi nzima, jina hakuna.

"Kwani hao wanauza nini?" Idda aliuliza, akiichungulia simu. "Naona mtu hapa chini anauliza ataonyeshwa lini shamba lake."

"Wauze wanachouza. Mimi nataka jina langu."

Mwanzoni walimjibu kwa kejeli. Halafu wakamfungia asiandike. Akafungua akaunti nyingine, akawaandama, akawatishia kwa mwanasheria ambaye hata hana. Haki ni haki, bwana.

Jumatatu wakageuka, wapole ajabu. "Samahani sana, dada yetu. Haki yako utapata. Tutumie jina kamili, namba ya simu na mahali ofisi yako ilipo, watu wakufahamu."

Alituma kabla chai haijapoa. Jioni jina lake lilikuwa juu ya picha, kubwa kuliko la ukurasa wenyewe, na namba yake, na mtaa wake. Hata namba zao wenyewe walikuwa wameziondoa, kumpisha yeye. Waungwana hao. Oktavia alilia kidogo kwa furaha, akamwonyesha Idda, akamwonyesha muuza vocha, akaituma na kwenye kundi la kwaya.

Kesho yake asubuhi alikuta watu wamejaa mlangoni kwake hadi barabarani.

"Unaona faida ya jina?" alimnong'oneza Idda. Akakiweka sawa kilemba chake, akaenda kuwapokea.

Mbele alisimama mama mmoja mtu mzima kutoka Matembwe, jembe begani, ndoo ya miche ya parachichi mkononi. Wa nyuma yake nao walikuwa na majembe.

"Kamwene, mwanangu," mama alimsalimia. "Wewe ndiye Oktavia? Tumekuja utuonyeshe mashamba tuliyonunua."