Macho ya Baba Mkwe

Naomi alikatiza ua mchana kweupe, kichwa wazi, akasimama hatua moja mbele ya baba mkwe wake na kumwekea sahani ya wali mapajani. Jirani aliyekuwa akichungulia juu ya uzio alimsalimia, akaendelea kufagia.

Mwaka uliopita angepiga yowe. Katika ukoo ule wa Wanyakyusa, mke wa mtu na baba wa mumewe hawaonani. Mzee Nsajigwa akitokea njiani, Naomi alikuwa anajitosa migombani hata kama kuna matope. Chakula alikipika yeye, lakini aliyekipeleka alikuwa mama mkwe. Mama mkwe alipofariki, sahani ikawa inamngoja Aliko, mume wa Naomi, arudi kutoka kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mtoto wao alikuwa bado anatambaa, hawezi kutumwa.

Halafu mzee akapofuka. Asubuhi moja alijigonga kwenye nguzo ya baraza, akakaa chini, akasema macho yamekwenda. Dada yake, shangazi Marta, aliitisha kikao na kutoa uamuzi kabla chai haijapoa.

"Mtu asiyeona hana mkwe wa kumkwepa. Naomi ampakulie mwenyewe, tusije tukazika wawili."

Tangu hapo Naomi na mzee walikuwa wanasalimiana, wanataniana, na mtoto analala mapajani kwa babu.

"Umekonda, mkwe," mzee alisema siku hiyo, akitia tonge mdomoni.

"Umejuaje?"

"Sauti imekonda."

Kilichomkondesha ni kopo. Aliko alikuwa amelinunua dukani kwa Badru, pale Mbugani. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa, na kila kitu kilivuka mpaka wa Kasumulu: sabuni, redio, na sasa vidonge vya macho, vyekundu, vinang'aa kama shanga. Kopo moja lilikula bei ya gunia la mpunga. Lilipoisha, Aliko akanunua la pili, na kwa kuwa baba bado haoni, akaongeza dozi. Viwili vikawa vinne. Kila alfajiri alimwekea mzee kiganjani, kisha akakimbilia kazini.

Naomi alikuwa na diploma ya ukarani na hakuogopa maandishi madogo. Alichukua kopo lililoisha, akaenda nalo dukani.

"Hapa pameandikwa kimoja kwa siku."

"Mama, kimoja ni cha Wazungu, wao macho yao mepesi," Badru alisema. "Marubani wote wanameza hii."

"Rubani gani ameshanunua kwako?"

Badru akaanza kupanga viberiti vilivyokuwa vimeshapangwa.

Kutoka hapo Naomi alikwenda zahanati. Nesi Veronika alimsikiliza habari za dozi ya mzee, akasoma kopo mara mbili.

"Hii ni vitamini A, tena nzito. Anameza vinne tangu lini?"

"Mwezi wa pili huu."

"Mwondolee leo. Ikizidi mwilini inalundikana kwenye ini, inaliharibu. Na kama ana mtoto wa jicho, hata ameze kopo na mfuniko wake, hatoki. Jumatatu anakuja daktari wa macho kutoka Mbeya. Mleteni."

Jioni Naomi alimweleza mumewe. Aliko hakutaka kusikia. Alikuwa ameshamwambia Badru amwekee kopo la tatu.

"Vinakaribia kufanya kazi," alisema. "Au unataka baba abaki kipofu?"

"Nataka abaki hai."

Hapakuwa na maana ya kuendelea. Mtu wa kuambiwa alikuwa mzee mwenyewe.

Kesho yake mchana Naomi alipakua wali na samaki, akampelekea barazani, na hakungoja hata anawe.

"Baba, vile vidonge acha. Vitakuharibu ini, vitakuua."

"Ndaga, mkwe, ndaga fijo," mzee alishukuru. "Lakini sijameza hata kimoja. Vyote viko chooni."

Naomi alibaki na upawa wa mchuzi mkononi. Magunia mawili ya mpunga, chooni.

"Sasa baba, unataka kupona au hutaki? Jumatatu anakuja daktari wa macho. Nitakupeleka mimi, hata kwa kukubeba."

Mzee aliacha kula. Alitega sikio upande wa uzio, kukawa kimya. Jirani alikuwa amekwenda mtoni. Ndipo akashusha vidole kwenye sahani, akachambua pembeni mwa samaki, akaokota chuya moja ya mpunga, moja tu, na kuitupia kuku.

"Mkwe," alisema taratibu, "mama yenu alipoondoka, chakula cha mchana nilikuwa nakula saa tatu usiku. Miezi mitatu."

Alimtazama Naomi usoni. Naomi naye akamtazama, muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama mtu wa ukoo ule. Kisha akamwongezea mchuzi.

Aliko aliporudi jioni aliuliza kama macho ya baba yana nafuu.

"Yamekwisha kabisa," Naomi alisema. "Usinunue kitu tena, na huyo daktari tusimsumbue."