Betri ya Ndeshi

Siku hizo kila raia alitembea na betri moja ya serikali, na ikimzimikia alihesabiwa marehemu.

Ndeshi na mumewe Elinami walikuwa wamepiga kambi msituni kuadhimisha miaka ishirini ya ndoa, friji yao ya kubeba ilipoishiwa umeme na nyama ikaanza kunuka.

"Chomeka betri yako," Elinami alisema.

"Kwa nini isiwe yako?"

"Mimi nina kazi, mke wangu. Nikifa mimi, tutakula nini?"

Ndeshi akachomeka. Nyama ikapona, wakala, na Elinami akayasifu mapishi.

Walipofika getini kurudi mjini, betri ya Ndeshi ilikuwa imezimika. Mlinzi alisoma mashine yake, akampa Elinami mkono.

"Pole kwa kufiwa na mkeo, mzee."

Ndeshi, aliyesimama katikati yao, alingoja mumewe akanushe.

Elinami aliinamisha kichwa. "Asante," akasema.